Mwangwi wa Ngazini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya yote nijulishe kifua kinaendeleaje. Mara ya mwisho tuliongea ulikuwa ukikohoa katikati ya kila neno huku ukiapa kwamba hukohoi, ni vumbi tu. Sisi huku ni wazima. Mimi sina neno, ila mgongo unaniuma kwa kushinda kitini. Mama naye hajambo, ukiacha jino, ambalo nitalifikia. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Lakini simu zetu unazijua, dada: mimi naongea, wewe unaongea, na msikilizaji hayupo. Habari niliyo nayo inataka mtu akae chini aisome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nianze na wimbo. Sauti uliyonitumia ilifika salama. Nilicheka uliponiambia ulijifungia kabatini katikati ya makoti ili uirekodi, mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu anakabwa. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: studio nyingi za kukodi zisingekupa sauti kavu na safi namna ile. Makoti yamemeza kila kelele, umebaki wewe peke yako. Hata mwenye studio, yule tunayemwita Bwana Kimya kwa kuwa hilo ndilo neno lake la asubuhi na jioni, alisikiliza amefumba macho, kisha akauliza kama hilo kabati linauzwa.

Sharti lako sikulisahau. Ulisema mama asiusikie wimbo huu mpaka ukamilike. Nilikuelewa bila maelezo. Tangu siku ile alipokuambia kwamba yeye na nyimbo hawakai nyumba moja, nawe ukachukua begi, hamjazungumza isipokuwa kupitia kwangu. Yeye ananituma nikuulize kama unakula. Wewe unanituma nimjibu kwamba unakula. Basi, mazungumzo yameisha, tuonane mwezi ujao. Ulisema wimbo ukimfikia ukiwa na dosari atapata la kusema, na wewe huna tena nguvu ya kusikia la kusema lake. Unataka umfikie ukiwa umenyooka, akose pa kushika, labda hapo ndipo atakapokuita. Niliahidi, na mimi nikiahidi kazi naifanya.

Na nimeifanya, dada. Niruhusu nijisifu kidogo, maana hapa nyumbani sina wa kumsimulia. Mama mpaka leo anawaambia majirani kwamba mwanawe ni fundi umeme.

Ule mdundo mzito utakaousikia chini si ngoma. Ni sanduku la nguo la Bwana Kimya, tumelijaza mablanketi na kulipiga kwa soli ya kiatu cha mpira. Ule mchakacho mdogo pembeni ni funguo za studio ndani ya soksi. Soksi ilikuwa safi, usianze. Mpiga gitaa alikuja na spika kubwa kama friji, tukamwambia aiache mlangoni, tukapitisha gitaa lake kwenye kiredio kidogo kilichokaa ndani ya ndoo. Alinuna. Alisema hakusomea gitaa miaka yote hiyo ili aje apigie kwenye ndoo ya kudekia. Tulipomsikilizisha aliomba aondoke nayo.

Mpiga besi alikuwa na ugonjwa mwingine. Ni fundi kwelikweli, lakini ukimwambia tu kwamba sasa tunarekodi, vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Kwa hiyo tulimwambia tunajaribu nyaya, apige chochote huku tukitafuta waya mbovu. Tulitafuta waya mbovu mpaka wimbo ukaisha. Akauliza sasa tuanze lini, tukamwambia nenda nyumbani, tumemaliza. Hadi leo anatutazama kama wachawi.

Kwenye kuchanganya sauti nako nina mambo yangu. Ninafunika kioo cha kompyuta kwa kitambaa, kwa sababu jicho likishaona mistari imekaa vizuri, sikio linajifanya nalo limesikia vizuri. Kisha natoka kabisa chumbani, naacha mlango wazi kidogo, nakwenda kuchemsha chai mwisho wa korido. Kama nayapata maneno yako yote birika likiwa linachemka, ujue kipimo kimekaa. Yasiponifika, narudi ndani na kukirekebisha. Bwana Kimya anasema amefundisha wengi na sikio kama langu hajaliona. Hakusema mbele yangu, lakini korido ile inapeleka sauti.

Sasa tufike kwenye mwangwi. Sauti ya kabatini ni kavu. Lazima uitafutie nafasi ya kupumua. Kompyuta inayo miangwi ya kila namna, lakini kwa kazi yako sikutaka mwangwi wa kuchagua kwenye orodha. Jengo letu la studio lina ngazi za zege kutoka chini mpaka juu paani, na ukipiga chafya kule chini, paani wanakuombea afya. Kwa hiyo tunaweka spika mlangoni petu ikiangalia ngazi, maiki tunaipandisha ghorofa ya juu, tunaipiga sauti ya mwimbaji humo ndani na kurekodi inavyorudi. Tatizo ni jirani. Kwenye ghorofa iliyo chini yetu daktari wa meno ana kliniki, na mashine yake ya kutoboa inalia kuliko mwimbaji yeyote. Tulikubaliana zamani: nikitaka ngazi nampigia simu, naye anazima mashine mpaka nimpigie tena. Anasema wagonjwa wake wanatupenda sana.

Siku ya sauti yako nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Nilibandika tangazo mlango wa chini kwamba watu wasubiri kupanda. Nilimpigia daktari, mashine ikanyamaza. Nikafunga mlango wetu, nikaiachia sauti yako. Sikusikiliza moja kwa moja, nilitazama tu mshale wa kipimo cha sauti ukicheza mahali pake, nikaridhika. Niliwazuia wanaoingia kutoka nje, dada. Waliokuwa tayari ndani ya jengo sikuwakumbuka.

Wiki moja baadaye tulikaa kuchanganya. Desturi ya Bwana Kimya ni kwamba kabla ya kuunganisha, kila sauti isikilizwe peke yake, asijifiche mtu nyuma ya mwenzake. Tukasikiliza sanduku, ndoo, soksi, vyote salama. Tukafika kwenye mwangwi. Chini ya sauti yako kulikuwa na sauti nyingine.

Ilianza kama mtu anayeguna tu. Kwenye kiitikio ikashika sauti ya pili, chini yako kidogo, bila kubahatisha, kama mtu anayejua unakokwenda kabla hujafika. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. Maneno yalikuwa yanateleza, kama anayeimba na kitu mdomoni, na ubeti wa pili aliingia nyuma kidogo. Bwana Kimya alisema kwanza ni jini la ngazi. Kisha akasema tuifute, kompyuta inaweza kuisafisha pasibaki hata alama. Nilimwambia haifutwi. Alinikumbusha studio ni ya nani. Nikamwambia najua ni ya nani, na bado haifutwi. Sijawahi kumpandishia sauti, na nadhani ndiyo sababu aliniacha. Alitoka akisema anakwenda kuchemsha chai.

Nilishuka kwa daktari wa meno kuuliza nani alikuwa ngazini siku ile. Alikumbuka mara moja. Alisema nilipompigia simu alikuwa amemaliza kumchoma mgonjwa sindano ya ganzi, mama mmoja mwenye jino bovu la nyuma. Kwa kuwa mashine imezimwa na mama mwenyewe hataki kukaa mdomo wazi bila kazi, alimwambia atoke akapunge hewa ngazini mpaka ganzi ishike. Alikawia huko. Aliporudi kitini uso wake ulikuwa umelowa machozi, daktari akadhani anaumia, akamwongezea sindano. Kisha akanitazama, akaniuliza kwani mama yangu hakunisimulia. Siku hiyo hiyo, alisema, mama alitaka kujua kama yule fundi umeme wa juu anafanya kazi vizuri.

Dada, nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa bila kuumwa jino. Mimi mama alikuwa ameniambia jino limetulia kwa maji ya chumvi. Sauti iliyonilea sikuitambua, kwa sababu ya ganzi, na labda kwa sababu sikuwahi kumsikia akiimba. Na wiki nzima tulikuwa tunakula naye meza moja, anajua nilichonacho, na hakutoa hata kikohozi.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta anapasi. Nilimwambia kuna mama fulani ameingia kwenye wimbo wetu kwa bahati mbaya. Alisema watu hawana adabu siku hizi, wanaingia popote. Akaendelea kupasi. Baadaye akauliza, bila kuinua macho, huyo mama aliimbaje. Nikamwambia aliimba vizuri ajabu, ila ubeti wa pili alichelewa. Dada, pasi iliwekwa chini! Alisema hakuchelewa mtu yeyote. Alisema ni wewe uliyekimbia, umekimbia ubeti wa pili tangu ukiwa mtoto, na mtu mwenye ganzi nusu ya mdomo hawezi kumfukuza mtu anayekimbia. Kisha akasikia alichokisema, akakaa kitandani, akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kilio.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo sisi sote wawili hatukulijua. Mama alikuwa mwimbaji. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye bendi ya baba, na huko ndiko walikokutana. Wewe ulipozaliwa alibaki nyumbani, bendi ikatafuta sauti nyingine ya pili, na bendi ilipoondoka baba aliondoka na hiyo sauti nyingine. Sisi tuliambiwa kwamba baba alifuata muziki. Mama anasema hakuuchukia muziki hata siku moja. Wimbo wako unapinda palepale baba alipokuwa akizipinda nyimbo zake, nawe ulikuwa mdogo mno wakati ule kukumbuka. Ulipoanza kuutunga jikoni alisikia ule upindo, akaogopa kwamba wewe nawe utapotea njia ile ile, na kwa hofu akasema maneno ambayo amekuwa akiyameza tangu siku ile. Nayaandika kama alivyoyatamka: alikosea, na alijua amekosea kabla hujafika getini.

Sasa uamuzi. Rekodi ya ngazini ninayo, sijaigusa wala kuiweka kwenye wimbo, maana si yangu. Mimi kama fundi nakuambia ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi, na sikukirekodi mimi. Lakini mama amekataa isitoke. Anasema hawezi kujulikana na watu kwa sauti ya ganzi. Nilimwambia basi, nitamwekea maiki, atavaa spika za masikioni, sauti yako itapigwa humo na yeye ataimba juu yake. Kazi kama hiyo tunaifanya kila siku na hakuna anayejua. Alinitazama kama mtu aliyesema upuuzi mezani. Alisema ameimba na ukuta mara moja, na inatosha.

Kwa hiyo wimbo umesimama, na siwezi kuumaliza kwa ujanja wowote ninaoujua. Nimeshamwambia Bwana Kimya aniachie chumba kikubwa. Maiki zitakuwa mbili, zikitazamana, muweze kuonana midomo. Daktari wa meno ameahidi kufunga kliniki siku yoyote nitakayomtajia. Unitajie wewe.

Nisalimie mwenye nyumba wako, na umwambie kabati tutalihitaji kwa kazi nyingine. Bwana Kimya anakusalimu, na mpiga gitaa, ambaye sasa hatembei bila ndoo.

Hapa chini ndipo huwa naandika kwamba mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Leo nilimuuliza niandike nini. Akasema nisiandike chochote. Atakuuliza mwenyewe ukifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.