Aliyempokea Mama Kaburini

Temeke, 9 Machi 1957

Kaka Marijani,

Shikamoo. Sie hatujambo. Mvua imeng'oa makuti upande wa jikoni, na yule kuku wako mweusi ametotoa vifaranga saba. Mama tumemzika juzi. Sanda ilipatikana, na watu walikuja wengi.

Mtu niliyemtuma huko mjini alirudi na jibu lako, kwamba jioni ile una mazungumzo redioni na huwezi kuyaacha. Tukakungoja hata hivyo, mpaka alasiri. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Aliyeingia kaburini kumpokea ni Mzee Kondo muuza kahawa, yuleyule uliyemtaja redioni kuwa mhuni kwa sababu anauza kadi za chama cha kudai uhuru.

Hukujua, kaka, kwamba redio aliyokuwa akikusikilizia Mama ni ya Kondo, pale anapouzia kahawa. Hata siku ulizomtukana, Kondo aliongeza sauti, maana Mama alikuwa hasikii vizuri. "Mwanangu huyo," Mama alisema kila mara, "sauti kama ya babake." Wateja wakanyamaza kwa heshima yake.

Tuliporudi kutoka kuzika, Kondo aliifungua redio, mikono bado ina udongo. "Leo tumsikilizie Mama," akasema. Nawe ukasema wanaoipinga Serikali ni watu wasiojua kuheshimu wazazi wao.

Matangani tulikuwa wengi. Hakuna aliyecheka, kaka. Laiti wangecheka.

Ni mie mdogo wako,
Mwanakombo