Mimi Baba Yako Nasema

Kwa mama yangu, Mwalimu Bosibori, Ikonge.

Baba,

Barua hii ikukute umeshachuma chai ya asubuhi na umekaa chini, maana najua hukai. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, ameshazaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, na mboga yetu ya chinsaga niliyoipanda kwenye mkebe dirishani imeota, ingawa inakua kwa kusitasita kama mgeni.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe mwenyewe umenitumia amri kwa Kiswahili. Kwetu Ekegusii kilikuwa cha mapenzi na Kiswahili kilikuwa cha kesi. Tukisikia umebadilisha lugha, tulijua kiboko hakiko mbali. Basi nimesomewa kesi yangu, na sasa najitetea. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Ujumbe wako wa sauti ulinifikia Jumapili nikienda maktaba ya mtaa wetu huku ugenini. Kulikuwa na siku ya teknolojia, wazee wanafundishwa kutumia simu na vijana wanaonyesha mitambo yao. Binti mmoja alikuwa na mashine ya kutafsiri: unaisikilizisha lugha ya kwenu, nayo inasema kwa Kiingereza, kwa sauti nzito ya mwanamume. Akauliza ni nani mwenye lugha ya mbali ajaribu. Unanijua. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikatangaza kwamba mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Kiswahili chake kimenyooka, na huu hapa ujumbe wake ambao hata sijaufungua. Nilidhani ni habari za mvua na bonasi ya chai.

Mashine ikanguruma mbele ya watu wote: "Kerubo, mimi baba yako nasema, toka huko. Hao watu wamewachoka. Rudi nyumbani kabla hawajakufukuza."

Baba, nywele zilinisimama. Wewe uliyetuchapa kwa kuchanganya lugha, hasira ilikushika ukajiita baba katikati ya Kiswahili safi! Mashine itajuaje kwamba kwetu Kisii mama huitwa baba, na baba huitwa tata? Ikakufanya mwanamume. Na Tata nilimwona kwa macho yangu akifunikwa udongo kule nyuma ya migomba, sasa ananiita mbele ya wazungu kutoka kwenye kisanduku cha plastiki.

Nilipopata pumzi nikawaeleza, wakacheka hadi wakafuta machozi. Ni mmoja tu hakucheka, Bwana Harold. Huyu ni abiria wa kila asubuhi kwenye basi ninaloendesha, na ndiye anayegawa karatasi za chama kinachosema wageni tumezidi. Alikuwa amekuja kutengenezewa simu. Akaniambia, "Mwambie mama yako hatujakuchoka wewe."

"Mimi kwa sababu unanijua," nikamjibu. "Na yule mwingine ambaye bado hujamjua?"

Akaichukua simu yake, akatoka. Jumatatu akapanda basi na karatasi zake kwapani, na aliposhuka akasema "asante, dereva," kama wanavyosema wote huku. Sikwambii kwamba amebadilika. Nakwambia kwamba ninamwendesha na anafika.

Kwa hiyo hiyo redio unayoisikiliza haikukudanganya. Kelele zipo, na kila anayetaka kura huanza na sisi. Siku nyingine kichwa cha gazeti lililoachwa kwenye kiti kinaniuma, na siku hiyo hata chai ya kwetu hainishuki. Lakini redio haikukwambia kwamba sisi wa Jumuiya ya Madola, tukiwa na vibali, tunapiga kura hapa. Juzi tulichagua madiwani, nami nikaenda, kwa sababu wanataka kukata njia ya basi la hospitali, na wazee wanaolipanda nawajua kwa majina. Kituo chenyewe ni kimya kama kanisa siku ya kazi, mbwa amefungwa mlangoni, na kura unapiga kwa penseli. Nilipomaliza nikasimama mbele ya karani nimemnyooshea kidole. Akakiangalia. Akaniuliza kwa upole kama nimejikata. Nilikuwa nangoja wino, Baba! Nikatoka na kidole safi, najisikia kama nimeiba kura.

Unakumbuka Tata akinifundisha kuendesha lile lori la majani chai, kwenye barabara ya Nyansiongo, matope hadi magotini? Nyuma yetu wenye haraka walipiga honi nikatetemeka. Akasema, "Usimwendeshee anayepiga honi. Angalia barabara." Ndiyo maana ile sauti ya mashine ilinitisha kisha ikanipoza. Tata asingeniambia nikimbie honi.

Tena najua si redio inayokusemesha. Nyumba imekuwa kubwa tangu alipoondoka, na jioni hakuna wa kugombana naye. Hilo linaniuma kuliko gazeti lolote. Desemba nakuja, likizo ya mwezi mzima, nimeshaiomba na nimekubaliwa. Tutagombana kila jioni mpaka uchoke. Kisha nitarudi kwenye basi langu, maana kazi hii naipenda, naijua, na Sabato wananiachia bila maneno.

Nisalimie mdogo wangu Nyakundi, umwambie kukamua ng'ombe si kazi ya kumwachia mama mwenye goti. Msalimie mama mdogo wa Nyakoe, ndizi zake hazina mfano hapa. Na mzee wa kanisa aliyeniombea safari, mwambie bado natumia maombi yale yale.

Neno la mama halirukwi, nalijua. Kama baada ya kusoma haya bado wataka nirudi kabisa, nitumie ujumbe mwingine, ila usiniite kwa Kiswahili. Kesi ya Kiswahili nimeshinda, hata kalamu yako nyekundu inajua. Niite kwa Ekegusii. Ile mashine haikijui, na mimi sijawahi kuweza kukikatalia. Nikisikia hivyo, naegesha basi, nakabidhi ufunguo, nakuja.

Binti yako, na wa Tata,

Kerubo, dereva