Waya chini ya zulia

Shoga, nimejifungia chooni hapa gereji.

Ule ugonjwa wa gari la yule mama nimeupata! Waya unaounganisha kompyuta ya injini na ya usukani umeliwa na kutu chini ya zulia. Mawasiliano yakikatika, usukani unagoma.

Nikamwonyesha kwa furaha, mjinga mimi. Akauliza, "Ugonjwa huu umeanza lini?"

"Kutu hii ni ya miaka, mama."

Miaka! Nimesema miaka!

Akakaa sakafuni, kwenye oili. "Mwanangu aligonga ukuta na gari hili, baba yake akafa. Alisema usukani uligoma. Nikamwita muongo, nikamfukuza."

Akampigia mwanawe simu, akanikabidhi. "Mwambie wewe. Mimi sina mdomo."

"Mama? Ni wewe kweli?"

"Hapana, kaka. Mimi ni fundi wa gari."

Akauliza polepole: "Ni usukani, siyo?"