Maksai na Sauti ya Mama Furaha

Jumatatu, 1 Desemba
Nimechambua maharage, nimeinjika. Wiki ya tatu na plasta mguuni tangu nianguke na pikipiki. Nimeanza kulipenda jiko, ila sijamwambia mtu. Mvua imeanza. Kijiji kizima cha Sigino wanalima, shamba letu bado. Tusipopanda wiki hii, mwakani mahindi tutanunua. Mke wangu, Mama Furaha, anasema atalima na maksai mwenyewe.

Jumanne, 2 Desemba
Jirani, Baba Eliya, kaja kunionya. Maksai hawamtii mwanamke, babu yake alisema. Babu yangu pia alisema. Nimewaza kutwa: nani aliwahi kujaribu? Simjui hata mmoja.

Jumatano, 3 Desemba
Aibu. Maksai wetu, Waziri na Mchumba, wamelala mstari wa kwanza, nira shingoni. Mama Furaha kaiga makelele yangu yote, fimbo juu. Wapi. Watu wamejaa njiani. Baba Eliya akasema, "Si nilisema?" Nilitamani kumrushia gongo langu la kutembelea. Ila moyoni nilifurahi kidogo. Ubaya wangu huo, nauandika.

Alhamisi, 4 Desemba
Sikupata raha mpaka nimemwambia mke wangu ukweli. Maksai hawajui mwanaume wala mwanamke. Wanajua walivyozoeshwa, na mimi niliwazoesha fimbo yangu na sauti yangu. Yeye wanamjua kwa pumba na maji. Akanitazama.
"Miaka yote hii ulijua?"
Nilijua nusu. Nusu nyingine sikutaka kuijua.

Ijumaa, 5 Desemba
Mama Furaha fimbo kaiacha nyumbani. Dada yake kaja kutoka Mutuka kushika plau. Yeye katangulia na ndoo ya pumba, anawaita taratibu kama wakati wa kuwanywesha. Wamekwenda. Mistari imepinda, lakini imelimwa. Nimewapelekea chai, nusu imemwagika njiani kwa sababu ya magongo. Nimefurahi, safari hii furaha safi.

Alhamisi, 11 Desemba
Tumemaliza kupanda. Jioni kaja Baba Eliya, maksai wake wamegoma. Anasema tangu zamani ng'ombe hulainika kwa sauti ya mwanamke, babu yake alikuwa akisema. Babu yuleyule. Sikucheka. Akaniomba nimruhusu Mama Furaha kesho akamsaidie.
Nikamwambia, "Mwenyewe yuko zizini."
 Akavua kofia, akaenda kumwomba.