Mota ya Cherehani ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Natumaini u mzima, na wifi na watoto hawajambo. Sisi tupo. Nimekujulia hali kwa sababu mama alitufunza adabu, ila hasira yangu iko palepale.

Umemlalamikia shangazi kwamba mama hapokei simu. Simu yake ninayo mimi, nimeizima.

Ni kweli utumbo wa mama wenye saratani ulikatwa wiki tano zilizopita, na daktari anasema uvimbe wote umetoka. Wewe ulishangilia ukadhani yamekwisha. Mimi daktari aliniita pembeni, akanionyesha picha ya kiuno cha mama: mafuta tele, misuli kiduchu. Alisema wagonjwa wa namna hii mara nyingi hufa mapema kuliko wenzao, hata uvimbe ukitolewa wote. Dada wa mazoezi wa pale hospitali akampa mama kidude cha kubana kwa mkono ili apime nguvu zake, mshale haukufika hata nusu. Ndiye mama yule aliyekuwa akikata jinzi mbili kwa mpigo, kaka.

Miaka mitatu iliyopita ulileta mota ukaifunga kwenye cherehani ili mama asikanyage tena. Ukaweka msichana wa kazi achote maji, aende sokoni, apande ngazi kuanika nguo. Ukatutangazia kwamba mama amestaafu, kazi yake sasa ni kukaa. Akanenepa, majirani wakakusifu kwamba unajua kumtunza mzazi. Hata mimi nilikusifu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baada ya upasuaji daktari aliagiza mayai, maharage na samaki, na kuinuka kitini bila kushika popote, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Wewe kila ikifika saa nne, wakati wa zoezi, unapiga: "Mama, usijichoshe, lala." Na kwa kuwa mzaliwa wa kwanza amesema, mama analala. Ukamwambia pia mayai na nyama vinalisha ugonjwa, akawa anasukuma sahani. Siku tisa alikunywa uji mwepesi tu. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako ilimlaza mama. Siku ya kumi alianguka akienda chooni, nikamwinua peke yangu.

Siku hiyohiyo nilichukua simu, nikang'oa na mota. Mama ananiita askari jela, hasemi nami ila akitaka chumvi. Anichukie, mradi yu hai.

Jana aliketi kwenye cherehani kwa ubishi tu, anionyeshe kwamba haiwezekani. Akakanyaga. Alishona pindo la shuka moja, akapumzika mara sita, miguu ikitetemeka, akanitukana, akamaliza. Daktari hajaahidi kitu. Atampima tena baada ya miezi mitatu, na ninaogopa, kaka.

Msalimie wifi, watoto wabusu. Shangazi anakusalimu. Mungu akulinde huko, na akupe masikio.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni mota yako. Jumapili saa nne nitaiwasha simu. Una neno moja tu la kumwambia mama: asimame. Ukisema jingine, nazima.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye, leo kwa shida.