Haikuwa Baridi ya Zege

Dolno Brezje, 27 Septemba

Kaka yangu mpendwa Blagoja,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima na kazi ya Ljubljana haikuchoshi mno. Sisi leo ni wazima, namshukuru Mungu. Nimejiahidi kukueleza yote bila kupunguza neno.

Jumamosi tulikuwa uani tukichoma pilipili hoho za kutengenezea rojo ya ajvari, na wifi Ristena alizimenya ameketi kwenye ngazi ya zege. Jioni tumbo likaanza kumuuma karibu na kitovu, akatapika. Bibi akamgombeza kwamba mwenye mimba ya miezi sita hakalii zege tupu, baridi imempanda tumboni. Akapasha moto kigae cha paa na kukifunga kwa sufu ili amkande. Wifi, huku amejikunja, akamwambia yeye si mkate wa jana wa kupashwa moto.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamehamia kulia, juu ya kitovu. Mama akampelekea zabibu, akazikataa. Hapo Mama akamgeukia Bibi: "Mama, mtu aliyepatwa na baridi hula. Huyu hunimalizia hata sahani yangu, leo zabibu hazitaki. Rudisha kigae chako darini." Wajua Mama hajawahi kumjibu Bibi. Bibi akaleta koti lake mwenyewe kumfunika wifi garini.

Hospitalini, Daktari Zlatanova alitueleza kwamba mimba ikikua huweza kukisukuma kidole tumbo juu, ndiyo maana maumivu yake hudhaniwa ni ya kitu kingine. Vipimo vya damu havikutosha, kwa kuwa chembe nyeupe huongezeka kwa wajawazito hata wakiwa wazima. Kipimo cha mawimbi ya sauti nacho hakikuonyesha vizuri, basi wakatumia mashine ya sumaku, isiyo na mionzi. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, lakini hakijapasuka.

Wifi alisihi wangoje hadi ajifungue. Daktari akamjibu kwamba upasuaji una hatari yake, ila kikipasuka, hatari ya kumpoteza mtoto ni kubwa zaidi. Wifi akauliza kama mtoto naye atalala kwa dawa ya usingizi. Akaambiwa atasinzia pamoja na mama yake. Akakubali.

Walimlaza ameegemea kushoto, wakakitoa kidole tumbo kupitia matundu matatu madogo. Baadaye muuguzi akatusikilizisha moyo wa mwanao, unakwenda mbio kama farasi. Bibi alimbusu daktari mikono, kisha akambusu Mama, mbele ya watu wote.

Kaka, wifi aliniagiza nikuandikie kwamba alikuwa na mafua tu, usije ukaacha kazi. Nimeshindwa kumtii. Jeraha linapona, lakini daktari ameonya kwamba uchungu unaweza kuja mapema, na wiki hizi lazima apumzike na kuangaliwa. Kwenye simu angenisikia, ndiyo maana nampa dereva wa basi la Ljubljana barua hii pamoja na chupa za ajvari.

Mama anakusalimu, Bibi anakuombea. Nijibu kwa basi hilohilo, maana wifi akidhani yuko peke yake hulishika tumbo na kumwambia mtoto kwamba baba atakuwepo siku atakapozaliwa. Je, ni kweli?

Mdogo wako akupendaye,
Dostana