Namba ya Jumatano

Shambani, 12 Novemba 1987

Mwanangu Orysia,

Pokea salamu zetu. Huku hatujambo, ila baridi imeingia kwenye magoti ya shangazi yako Nettie, na baba yako bado anakohoa. Wewe je? Unakula, au ni chai na mkate tu huko Saskatoon?

Nakuandikia kwa sababu simu yetu iko ukutani jikoni na ukiisemea unasikika hadi zizini. Bili ya mwezi imekuja. Kuna namba ya huko mjini imepigwa kila Jumatano, mara nne mfululizo, na si yako. Jumatano, Orysia! Siku ninayokuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa na akina mama, tunafinya pirohi za unga na viazi tangu saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Mara ya mwisho wameongea dakika hamsini. Baba yako hajaongea nami dakika hamsini tangu tuoane.

Nilimuuliza, "Metro, namba hii ya nani?" Akasema, "Watakuwa wamekosea," akaenda kuwatazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwatazama. Nettie aliendelea kumenya viazi. Yule simu haishiki, anasema inamuumiza sikio. Sasa kabaki nani? Dalili ya mvua ni mawingu.

Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Nitafutie ni mwanamke gani. Baba yako asijue.

Mama yako

&nbsp;

Saskatoon, 19 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na nakula.

Namba nimeifuatilia. Ni ofisi tu, si nyumba ya mtu. Baba hana mwanamke huko. Tafadhali achana nayo, na usimsumbue baba. Shangazi Nettie afunge magoti kwa sufu.

Mwanao, Orysia

&nbsp;

Shambani, 3 Disemba

Orysia,

Natumaini u mzima. Sisi tunapumua.

Barua yako ilikuwa fupi mno. Ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe, ulikuwa unajibu hivyo hivyo: maneno machache, halafu unanishauri kuhusu jambo jingine. Eti magoti ya Nettie!

Jana niliacha unga mezani nikaenda kwenye simu ya kanisa. Nikapiga ile namba: inatumika. Nikapiga nyumbani kwangu: inatumika. Nikarudia mara tatu. Kote kunatumika! Unataka ushahidi gani tena?

Nikasubiri hadi nyumbani kukaita, nikakata, nikapiga mjini. Akapokea mwanamke. Hakutaja ofisi wala jina. Alisema, "Halo. Niko hapa." Sikujibu. Akasema, "Hakuna haraka. Sema ukiwa tayari." Akasema, kwa sauti tamu kabisa, "Najua ni vigumu." Vigumu! Amejuaje, kama baba yako hamwambii mambo ya nyumba yangu? Ofisi gani hiyo inayopokea simu kama mtu aliyelala kitandani?

Nawe unamjua. Usinibishie. Ulimaliza wiki nzima kuniandikia mistari mitano. Mmenizunguka wote.

Nimekata shauri. Kabla ya Mkesha Mtakatifu wa Krismasi yetu, tarehe sita Januari, nguo zake nitazitupa nje kwenye theluji. Miaka thelathini na moja nimempikia sahani kumi na mbili za usiku ule. Mwaka huu akale kwa huyo wa "hakuna haraka". Na padri nitamwambia kwa nini, mbele ya kwaya.

Mama yako

&nbsp;

Saskatoon, 10 Disemba

Mama,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, lakini usingizi sina tangu barua yako ifike.

Ni kweli, nilikuficha. Naomba radhi. Keti kwanza.

Ile ni simu ya ushauri. Wanaoipokea ni watu wa kujitolea, na wanaoipiga ni watu kama wao: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wasio na mtu mwingine wa kumwambia. Hatutaji jina la ofisi tunapopokea, ili mwingine nyumbani akiinua simu asijue imepigwa wapi. Mtu akinyamaza, tunanyamaza naye hata nusu saa. Yule aliyekupokea ni Bernice, bibi mwenye wajukuu watano. Alidhani wewe ni mmoja wetu uliyeshindwa kuanza.

Nimesema "wetu". Mimi hupokea simu hiyo kila Alhamisi, mwaka wa pili sasa. Na Colleen, unayemwita mpangaji mwenzangu, si mpangaji, mama. Nampenda.

Nilipoiona namba nyuma ya bahasha yako, niliitambua mara moja. Siri yangu ni yangu, naweza kuitoa. Ya mwingine si yangu. Lakini nikinyamaza, utamfukuza baba kwa kosa ambalo halipo. Nimechagua, na sina hakika kama nimechagua vema. Jumatano huwa sipo, na Bernice hanisimulii wala mimi simuulizi. Kwa hiyo sijui ni nani. Nakuomba kitu kimoja tu: nawe usiulize. Mtu huyo amepata saa moja kwa wiki. Usimnyang'anye.

Kama huniamini, piga Alhamisi tarehe 17, saa moja jioni. Nitakuwepo.

Mwanao, Orysia

&nbsp;

Shambani, 28 Disemba

Orysia,

Salamu. Kimya changu ulikisikia, najua.

Nilipiga, kwa simu ya kanisa. Uliposema "Halo, niko hapa," nilikujua papo hapo, lakini ulimi ulikataa. Ulinyamaza nami. Nilikuwa nasikia unavyopumua, kama ulipokuwa na dondakoo na mimi nimekaa pembeni. Kisha ukasema "Mama?" Nikakata. Usidhani ni hasira. Pearl Dutka, tunayefinya naye pirohi, aliingia kuchukua unga, na yule akisikia jambo asubuhi, mchana wilaya nzima inalo.

Sikwambii kwamba nimekubali. Hilo la Colleen bado linanikaa kooni, na nina maswali mengi ambayo utayajibu uso kwa uso. Miaka miwili nampelekea jamu ya plamu nikidhani ni mpangaji! Njoo tarehe sita. Mlete. Nataka kumtazama vizuri.

Baba yako nguo zake ziko kabatini. Nilimwomba radhi bila kusema ni ya nini, akaniuliza kama naumwa.

Sasa nitakwambia lililo gumu. Humu ndani ni wawili tu, Metro na Nettie. Kila jioni nawatazama wakinywa supu ya borshch. Nikimtazama huyu nasema ndiye. Nikimtazama yule, miaka sitini na minane, hakuolewa, bado anatunza picha ya yule mwalimu wa kike waliyekaa naye nyumba moja, nasema ndiye. Mimi ni mtu wa kushuku, ndivyo nilivyoumbwa, na swali linaniwasha ulimi. Sijauliza. Bili ya Disemba ilipokuja niliitia kwenye moto wa jiko bila kuifungua, nikaenda ofisi ya simu kuuliza kiasi tu, nikalipa.

Jumatano iliyopita pirohi ziliisha mapema. Nilikaa kwenye gari uani hadi saa tatu ilipotimia, miguu ikaganda. Kisha nikapanda ngazi nikakung'uta buti zangu kwa kishindo, nikakohoa, nikagonga mlango wangu mwenyewe, nikangoja niambiwe karibu.

Mama yako